Ngitili Yangu na Seli za Kasmiri

Jumatatu, 6 Mei 1996

Mkutano wa kijiji, pale uwanja wa ngoma. Jua kali, watu wengi, benchi moja. Nilikalia benchi.

Mwenyekiti Deogratias kavaa shati jipya la mitumba, kaanza kwa kukohoa. Mtu akianza kwa kukohoa anataka kitu chako. Akasema zama zimebadilika, sasa ni soko huria, pamba hainunuliwi na ushirika peke yake. Kampuni ya watu binafsi inakuja msimu huu na inataka kiwanja kando ya barabara: mzani, banda, malori kugeuzia. Tukapiga makofi. Akasema kando ya barabara kuna ngitili mbili tu za kutunzia majani ya kiangazi, ya Mwandu (ndiye mimi) na ya Kasmiri, zimepakana, katikati ua wa minyaa. (Uwanja wa ngoma nao uko barabarani, lakini huo hautajwi. Huo ni wa heshima.) Moja itafyekwa. Makofi yakafa.

Moja itafyekwa! Majani niliyoyazuia tangu mvua za kwanza, asiingie ng'ombe, asiingie mbuzi! Nimekosana hata na mbuzi wa mke wangu. Bila majani hayo, kiangazi Mageuzi na Soko Huria watakula nini? Hao ni maksai wangu, majina nimewapa mwenyewe. Mageuzi anavuta upande. Soko Huria anakula cha kila mtu. Itabidi niwapeleke Sola kwa shemeji yangu Salu, na ng'ombe akiingia kwa Salu hatoki, labda atoke supu.

Nikasimama nikasema ifyekwe ya Kasmiri. Kasmiri akasimama akasema ifyekwe ya Mwandu. Hakuna jipya. Mimi Mgika, yeye Mgalu, vyama viwili vya ngoma. Tumeshindana kwenye ngoma tangu tukiwa na meno yote: yeye na kundi lake upande ule, mimi na langu upande huu, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nimemshinda mara nyingi. Yeye anasema vingine. Mwongo.

Akainuka mwalimu wa sekondari, Violeth, binti mdogo mwenye sauti kubwa. Akasema shule inatafuta mahali pa kudumu pa kidato cha tano kujifunzia viumbe. Wanafunzi wazipime ngitili zote mbili. Yenye viumbe wa aina nyingi ibaki, iwe ya mwenyewe na darasa. Nyingine ndiyo ifyekwe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Katikati ya makofi nikakumbuka sijaelewa.

Nyumbani Generoza, mke wangu, akasema hajawahi kuona mtu anayewapigia makofi maksai wake wakiondoka. Nikamwambia atulie. Kitu kinachopimwa kinaweza kusaidiwa.

Kwanza lazima nijue wanapimaje.

Jumanne, 7 Mei

Nimeingia kidato cha tano! Marehemu baba alinitoa darasa la nne nikachunge, leo nimeruka yote ya katikati kwa asubuhi moja.

Mkuu wa shule, Januarius, alikataa kwanza. Akasema kuna taratibu. Nikasema sawa, nikaanza kuimba kidogokidogo, kama mtu anayejaribu koo, Januarius ee, Januarius wa taratibu. Yeye ni mgeni hapa lakini habari anazo. Mimi ni manju. Nikimtungia mtu wimbo, unaimbwa hadi watoto wake waoe. Akaniuliza ningependa kukaa mbele au nyuma.

Nyuma. Karibu na mjukuu wangu Nyamizi. Aliponiona alilaza kichwa mezani kama mwenye malaria. Nikamsalimia kwa sauti, mwangaluka, darasa zima lijue ni wangu. Akanong'ona, Guku, nakuomba. Nikamwambia asiogope, sitampita kwenye mtihani.

Somo ni la Kiingereza. Kama misa ya zamani ya Kilatini: huelewi, lakini unajua pa kusimama. Kisha mwalimu akageukia Kiswahili nami nikafungua masikio. Anasema kila chenye uhai, nyasi, ng'ombe, mwenyekiti, kimejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. (Mwenyekiti nimemwongeza mimi.) Kila seli imezungukwa na utando, kama boma la minyaa, lakini boma lenye akili: vinavyotakiwa linapitisha, visivyotakiwa linazuia. Katikati kuna kiini, ndicho kinachotawala. Nikanyoosha mkono nikauliza kama kiini kilipigiwa kura au ni mtemi. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akajibu kwamba ni mtemi, huko vyama vingi havijafika. Kanijibu vizuri. Huyu binti ana kitu.

Ikaletwa hadubini. Shule nzima ipo moja, inabebwa kama kichanga. Kulikuwa na foleni. Nikapita mbele kwa ajili ya umri. Nikaona! Nikalitangazia darasa: miti mirefu myeusi, imepinda, msitu mzima! Mwalimu akainama, akaangalia, akanieleza kwa upole kwamba hizo ni kope zangu.

Akazungusha kitu. Nikaangalia tena. Ngozi ya kitunguu. Vyumba, vyumba, vyumba, vimepangwa kama matofali ya fundi asiyekunywa pombe. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikitafuna mji!

Nilinyamaza hadi wa nyuma yangu akanigusa bega. Generoza nimemwambia kwamba nilinyamaza. Hajaamini.

Alhamisi, 9 Mei

Kasmiri naye! Kaja darasani na koti la mitumba la askari wa nchi gani sijui, vifungo vya dhahabu, na kigoda chake kutoka nyumbani. Kaketi mbele kabisa. Mzee mzima anamfuata mwenzake hadi kidato cha tano!

Leo seli za shavu. Unakwangua ndani ya shavu kwa kijiti, unapaka kwenye kioo, unatia tone la dawa ya buluu, unaweka chini ya hadubini. Mwalimu alitaka wanafunzi wawili wajitolee. Tukajitolea wazee wawili. Nikasema wazi kwamba leo kijiji kijue nani kaumbwa kwa seli za maana. Kasmiri akasema yuko tayari, seli zake zimekula maziwa, za Mwandu zimekula maneno. Darasa lilicheka. Lilicheka mno.

Vioo vikakaa mezani, changu kushoto, chake kulia. Mwalimu akageukia ubao. Nikachungulia. Lo! Cha Kasmiri buluu imekolea, nzito, imejaa, kitu cha mwanamume. Changu kimepauka kama uji wa mgonjwa. Sikufikiri mara mbili. Sikufikiri hata mara moja. Mkono ulikwenda wenyewe, cha kushoto kikahamia kulia, cha kulia kikahamia kushoto.

Mwalimu akaanza na cha kushoto. Akasema hiki cha Mzee Mwandu. Akaangalia. Akaita darasa lote. Akasema huu ni mfano mzuri ambao wasingeupata kirahisi: tazameni bakteria walivyojaa, kama watu siku ya mnada, na hapa kuna kipande cha viazi vikavu ambacho bado hakijamezwa, na hapa ugoro. Kinywa hiki, akasema, hakijaona mswaki muda mrefu. Cha kulia, cha Mzee Kasmiri, safi kabisa, seli zinaonekana moja moja, hongera Mzee.

Kasmiri alicheka hadi akadondoka kwenye kigoda. Akiwa chini akaendelea.

Kinywa kile ni chake! Ugoro anabwia yeye! Nilifungua mdomo nimwambie mwalimu, kisha nikaona itabidi nieleze nimejuaje. Nikaufunga. Na kila mtu akaniona nikiufunga, wakadhani naficha bakteria.

Mwalimu akamalizia kwamba tukiondoa uchafu, seli zenyewe za wazee hawa ni sawasawa. Hata yeye angechanganyiwa vioo asingejua ipi ya nani. Nyamizi akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Sawasawa! Mgika na Mgalu! Hadubini yao mbovu.

Jioni Nyamizi kaniletea kijiti cha mswaki, kanyoosha mkono, kageuka, kaondoka.

Ijumaa, 10 Mei

Leo ndiyo yenyewe. Ikolojia.

Nyasi zinakula jua. Panzi anakula nyasi. Kenge anakula panzi, tai anamkamata kenge, na wakifa wote mchwa na ukungu wanawarudisha kwenye udongo, nyasi zinaanza tena. Nikauliza mtu yuko wapi hapo. Mwalimu akasema popote anapotaka, hiyo ndiyo shida yake. Kasmiri hakusikia. Alikuwa amelala juu ya kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, koti linapanda linashuka.

Jumatano wanapima. Wana fremu ya waya ya mraba. Mwanafunzi anafumba macho, anairusha nyuma ya bega, inapoangukia wanahesabu kila kilichomo. Na sikiliza hapa: hawahesabu wingi, wanahesabu aina! Mbuzi mia ni aina moja. Mbuzi mmoja, kobe mmoja na kitunguu kimoja ni aina tatu!

Nilisimama hapo hapo nikatoka. Mwalimu alikuwa bado anasema kitu kuhusu wanyama na ndege, watakavyohesabiwa. Nyamizi akanivuta shati, akanong'ona nisubiri hii, Guku, hii ni muhimu. Nikamwambia mwenye akili akishapata chake haketi kusubiri kengele.

Kasmiri nilimwacha anakoroma. Maskini, hatajua hata kilichompata.

Jumapili, 12 Mei

Kijiji kizima kanisani. Kasmiri anaimba sauti ya nne Katoliki, Generoza naye huko huko. Mimi nikasema nina mgongo.

Mgongo gani! Asubuhi yote nimebeba. Nimehamishia kwenye ngitili vitunguu vya Generoza, nyanya chungu, mlenda, mchicha, mgomba mdogo, na ua jekundu kutoka mlangoni kwa Januarius ambalo sijui jina lake na halikunijibu. Kila kimoja nimekichimbia katikati ya nyasi kama kilizaliwa hapo. Kobe nimemwokota njia ya Sapiwi. Aina, aina, aina!

Kisha nikaenda kwa Mayige. Huyu ni rafiki yangu wa ngoma ya nungunungu, kundi lake huingia uwanjani na nungunungu hai kwenye tenga, na watu hukimbia kwanza halafu hurudi kuangalia. Nikamwomba tenga na aliyemo. Akasema hakuna shida, ila nungunungu wake hafanyi kazi bila ngoma, kazoea. Nikamkazia macho Mayige. Mayige akanikazia macho. Tukafikiri kitu kimoja.

Ngoma!

Nimekuwa mjinga wiki nzima. Nimesoma baiolojia nikasahau kazi yangu. Mashindano ni mashindano: anayevuta watu ndiye mshindi. Jumatano nipige ngoma ndani ya ngitili yangu, Wagika wote waje, majembe ya kuchezea, njuga, tenga la Mayige. Wanafunzi watakimbilia wapi? Mwalimu mwenyewe atasimama wapi? Kwa Kasmiri kutakuwa na Kasmiri na fremu ya waya.

Generoza karudi, kaimba mlangoni, kaenda bustanini. Wimbo umekatika.

Jumatatu, 13 Mei

Chakula cha jana: matobolwa, viazi vikavu, bila mboga. Cha leo asubuhi: matobolwa makavu. Generoza anasema mboga iko kwenye ngitili, wenye njaa waende kuchunga.

Habari mbaya. Nungunungu wa Mayige, niliyemwachia mle jana, kachimba chini ya ua wa minyaa akatokea kwa Kasmiri. Kaniachia miiba mitatu na shimo. Mlenda umelala. Mchicha umelala. Mgomba umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Ua la Januarius limekauka na Januarius anauliza watu. Kobe bado yupo, lakini anaelekea kwa Kasmiri. Ananipa moyo kwamba hafiki leo.

Nilichungulia juu ya ua nione mwenzangu kapanda nini. Hajapanda kitu. Hajaleta kitu. Kakataza hata wajukuu wake kukatiza mle. Kaketi nje ya ngitili yake juu ya kigoda, anabwia ugoro, kimya kabisa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anasoma. Nikasema mbona huna kitabu. Akasema ukiwa kidato cha tano utaelewa.

Dawa. Lazima kuna dawa. Mtu hakai kimya bure.

Nimemwambia Mayige aongeze ngoma nyingine.

Jumatano, 15 Mei

Siku yenyewe! Naandika kwa raha na kwa kitu kingine.

Asubuhi nilimpaka Mageuzi vumbi jeupe pembeni mwa macho nikamfunga njuga, awepo naye, ni mali yake. Wagika wakaja kutoka kila upande. Mayige na watu wake, tenga tupu lakini miiba imechomekwa kichwani. Wanafunzi walipofika na fremu zao nikanyoosha mkono juu, ngoma ikalia.

Ilikuwa ngoma! Miaka haijalia vile. Ardhi ilikuwa inaruka. Niliimba wimbo mpya wa seli, kiini ni mtemi, utando ni boma, na Kasmiri kinywa chake ni mnada. Wanafunzi waliacha fremu wakacheza. Januarius alicheza, taratibu zikamtoka. Mwenyekiti Deogratias alicheza hadi shati likapasuka kwapani. Watu wakatoka Somanda kwa baiskeli, wamesikia mjini! Mimi nikaruka juu ya kichuguu nikatazama upande wa pili wa ua. Kwa Kasmiri: Mwalimu Violeth, Nyamizi na wanafunzi wachache, wamekaa chini kimya, wameinama wanaandika. Kasmiri kwenye kigoda. Hakuna hata mmoja anayecheza.

Nimeshinda! Nilisema kwa sauti. Hakuna aliyesikia, ngoma ilikuwa kubwa.

Wakaandika. Wakaandika tena. Nikaanza kushangaa wanaandika nini, watu wako huku.

Ndipo nikaona kware. Jozi, wanaruka kutoka miguuni mwangu, juu ya ua, wanatua kwa Kasmiri. Wanafunzi wakaandika. Kanga na watoto wake, mbio, chini ya minyaa, kwa Kasmiri. Wakaandika. Sungura. Nguchiro. Kenge mrefu kama mkono wangu, ambaye miaka yote nimeishi naye sijamjua, katoka ndani ya kichuguu nilichosimama juu yake, kanitazama mara moja, kavuka. Hondohondo. Panzi kama mvua. Wote wanatoka kwangu, wote wanaingia kwa Kasmiri, na Kasmiri anawapokea kwa kichwa kama mwenye harusi.

Mwishoni akapita kobe. Hata kobe!

Nyamizi kaniambia jioni. Wanyama huhesabiwa kwa kukaa kimya na kusubiri. Ndilo neno la mwisho alilosema mwalimu Ijumaa. Nikauliza Kasmiri alilijuaje, si alikuwa analala. Akasema alikuwa analala, Guku, ila mwalimu alipopiga meza akisema KIMYA, akaamka.

Ijumaa, 17 Mei

Mkutano tena, uwanja wa ngoma. Benchi lilikuwa wazi. Sikulikalia.

Mwalimu Violeth akasoma. Ngitili ya Mzee Kasmiri: akasoma, akafungua ukurasa, akasoma, akanywa maji, akasoma. Ngitili ya Mzee Mwandu: nyasi zilizokanyagwa, miiba ya nungunungu, kitunguu kimoja katika hali mbaya, maksai mwenye njuga. Watu wakacheka. Kisha wakaona mwenyekiti kasimama na panga la kuanzia kazi, kicheko kikaisha.

Mimi nilikuwa nawaona Mageuzi na Soko Huria njia ya Sola, wanageuza shingo kunitazama. Generoza alikuwa upande wa wanawake. Sikuthubutu kumwangalia. Baba ndiye aliyeifunga ile ngitili, mimi nikiwa na urefu wa ndama.

Kasmiri akasimama. Nikajua sasa anaimba. Hakuimba. Akasema yeye haupokei ushindi huu. Akasema ngitili ya Mwandu ikienda, ng'ombe wa Mwandu wataenda Sola, na Mwandu atawafuata ng'ombe wake, mtu mwenyewe hana akili nyingine. Akauliza, halafu mimi nishindane na nani? Na Januarius huyu?

Hajawahi kuonekana mtu dhaifu kiasi hicho. Alinionea huruma hadharani! Nilikohoa kidogo, vumbi.

Mwenyekiti akasema huruma haina kiwanja, kampuni inataka kiwanja. Akainua panga kuonyesha upande. Hapo akasimama Nyamizi. Mtoto wa kike, sketi ya shule, mbele ya wazee. Wengine wakaguna. Hakuketi.

Akasema wale wote waliosomwa kwa Mzee Kasmiri, yeye aliandika pia wametokea wapi. Wametokea kwa babu yake, asubuhi ile ile. Kenge analala kwa Mwandu anakula kwa Kasmiri. Kanga anataga huku anachokora kule. Nungunungu ana shimo lenye milango miwili, mmoja kila upande. Ule ua wa minyaa ni wetu sisi watu, kwao ni utando tu, wanapita wanavyotaka. Hapo hakuna ngitili mbili. Ipo moja, na mkifyeka nusu, nusu iliyobaki itakufa pia, mtabaki na viwanja viwili na darasa lisilo na kitu.

Huyo ni mjukuu wangu! Nilimgeukia mtu wa pembeni nimwambie. Alikuwa Kasmiri. Akasema anajua.

Mwenyekiti akauliza, sasa malori yageuzie kichwani kwake? Nyamizi akamtazama mwalimu, mwalimu akasema msomee. Akasoma. Siku ile ile ya ngoma, kwa kulinganisha, walirusha fremu kwenye uwanja wa ngoma, kwa vile watu wote walikuwa kwenye ngitili. Wamerusha kila pembe. Nyasi: hakuna. Wadudu: hakuna, hata siafu. Udongo umepigwa miguu hadi umekuwa saruji. Kilichopatikana ni vizibo vya soda na jino moja.

Jino! Nikapiga kelele kwamba ni langu, nililiangusha mwaka ule tulipowashinda Wagalu. Kasmiri akasema ni lake, aliliangusha mwaka ule alipotushinda. Tukalivuta. Mwalimu akaombwa aamue. Akaligeuza, akasema hata akiliweka chini ya hadubini hawezi kujua la nani, ila kwa jinsi lilivyo, asingelipigania.

Mwenyekiti hakuwa anasikiliza. Alikuwa anapima uwanja kwa hatua. Tambarare. Mgumu. Barabarani. Hakuna cha kufyeka. Akatangaza: ngitili zinabaki zote, malori yatageuzia hapa.

Kijiji kikalipuka kwa makofi na vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote. Generoza alikuwa anacheka, wanawake wamemzunguka Nyamizi, jioni nitakula mboga. Mageuzi na Soko Huria hawaendi popote! Nilirukaruka juu ya ile saruji yetu, nikapiga mguu chini kama zamani.

Katikati ya makofi nikakumbuka niko wapi.

Nikamgeukia Kasmiri. Naye mikono yake imesimama hewani.

Jumanne, 21 Mei

Mzani umeshafika. Umesimikwa pale pale ninaposimamaga mimi kuanzisha wimbo. Lori limegeuka mahali pa Wagalu, bila hata kupunguza mwendo.

Mchana Kasmiri kaja kwangu. Generoza kamletea togwa, kanywa, nami nimekunywa. Wazee wawili wenye majani tele na hawana pa kuchezea. Pamba ikishavunwa ndiyo ngoma zenyewe, Wagika na Wagalu watakuja kutoka hadi Sapiwi, tuwaambie wakacheze juu ya mzani?

Tulitoka tukaenda kuziangalia ngitili. Majani yameanza kusimama tena. Kanga amerudi upande wangu. Pazuri, pana hewa. Nikamwambia Kasmiri, unajua, ile Jumatano ngoma ilisikika vizuri sana humu. Akasema hata yeye alisikia, ila alikuwa mtihanini. Nikasema hapa katikati, ua unapopita, tungetoa minyaa kidogo. Kidogo tu. Akasema na vile vichaka. Nikasema na kichuguu, kinasumbua miguu. Duara dogo, nusu kwake nusu kwangu, Wagalu kule, Wagika huku, na nafasi ya watazamaji, na njia ya watazamaji kupita, na pa kuegesha baiskeli. Kasmiri akasema yeye nusu yake itakuwa kubwa kuliko yangu. Nikasema tutaona.

Kesho asubuhi tunaanza na mapanga, Nyamizi na mwalimu wake wakiwa darasani. Hawatajua. Na ndege hawasemi Kiswahili.

Tena nimemwagiza Mayige atutafutie nungunungu jike, tumtie hapo pembeni ya duara. Yule dume anakaa peke yake mle shimoni, na viumbe wanategemeana.

Hiyo ndiyo ikolojia. Kasmiri hakuijua, nimemfundisha mimi.